Kinga ya Maua ya Mcheri

Kinyozi Ozaki Tamekichi wa Kumamoto alikuwa na maneno mengi kuliko nywele alizokata, na mengi yalihusu kinga ya upanga aliyoachiwa na baba yake: bamba la chuma la duara, dogo kuliko kiganja, linalokaa kati ya mpini na makali, limetobolewa maua ya mcheri. Baba alisema ni kazi ya ukoo wa Hayashi, mafundi wa hapa hapa mjini. Ozaki akalirudia neno hilo miaka arobaini, na mteja aliye chini ya wembe habishi.

Ila mwenyewe alishaanza kuingiwa na wasiwasi. Kila mwezi alikwenda kwenye chama cha wapenda kinga, na macho yake yalikuwa yamejifunza mambo ambayo moyo haukuyataka. Mwishowe akamwomba Mwalimu Urata, mama mstaafu anayetoa hukumu chamani, aiweke mezani bila kumtaja mwenyewe. Kama baba alisema kweli, na ijulikane.

Mchezo wao hauna huruma. Kinga hupangwa juu ya kitambaa, kila mtu anaishika, anaandika kwenye karatasi ukoo wa mafundi walioifua, anamkabidhi Mwalimu. Naye hujibu neno moja tu: umepata, umekaribia, au hapana.

Hidaka, muuza mizizi ya yungiyungi yenye haradali, hakuishika hata dakika. "Maua haya hata mke wangu anayajua," akasema, akaandika Hayashi. Wengine kumi wakaandika vivyo hivyo. Mwamba ngoma huvutia kwake, na watu wa Kumamoto wakiyaona maua yale hawatazami tena chuma. Wote wakaambiwa hapana.

Zamu ya Ozaki ikafika. Chuma cha Hayashi kina mng'ao mzito, kama kimepakwa mafuta. Hiki kilikuwa kikavu. Akatazama ukingoni, akaona mshono mwembamba: chuma cha tabaka tatu, desturi ya mafundi wa Akasaka, kule Edo, Tokyo ya leo, walioyaiga maua ya Kumamoto kwa kuwa yalipendwa. Kalamu ikawa nzito. Angeandika Hayashi angekosea pamoja na wenzake, lakini angalau angesimama upande wa baba.

Akaandika Akasaka.

Mwalimu Urata aliisoma karatasi, akamtazama kitambo. "Umepata," akasema.

Makofi yakapigwa. Tangu ajiunge na chama, Ozaki hakuwahi kupata peke yake, na furaha ilimpanda kabla uchungu haujamfikia. Hidaka akamgonga begani.

"Mzee, leo umetunyoa bila maji. Haya, Mwalimu, tuambie basi, ni nani huyo aliyeuziwa kitu cha Edo akadhani ni cha kwetu?"

Mwalimu Urata akainamisha macho. Ozaki akanyoosha mkono, akaichukua kinga mezani, akaanza kuifunga kitambaani.

"Baba yangu," akasema.