Sanduku Alilofunga Shangazi

Mtaani kwetu Kariakoo, katika miaka ile ya foleni za sabuni, watu waliokwisha kupanda ndege walikuwa wachache, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikwenda Ulaya nikiwa mtoto wa mpiga pasi, nikarudi na stashahada ya ufundi wa majokofu, bila kuwa na mjomba wizarani. Kwa hiyo shangazi yangu alipotumiwa tiketi na binti yake aliyeishi Bombay, akatibiwe mtoto wa jicho, hakuna aliyeuliza nani atamwandaa. Niliitwa mimi.

Hospitali ya huko ilikuwa imeshampangia siku. Akirudishwa uwanjani, nafasi ingekwenda kwa mwingine, na jicho la pili nalo lilikuwa limeshaingia ukungu, watu akiwaona kama vivuli tu.

"Askari atakuuliza, mzigo umefunga mwenyewe?" nikamwambia. "Wewe jibu ndiyo."

"Lakini unafunga wewe."

"Sema ndiyo tu, shangazi."

"Niende kuomba Mungu anirudishie macho, na njiani niwe naongopa? Nitamwambia kafunga mwanangu, yule msomi."

Nilijua ingekuwaje. Sanduku lingemwagwa mezani, msomi angetafutwa, vitu vingechambuliwa kimoja kimoja hadi ndege iondoke. Nikapata njia, na sikuazima akili kwa mtu. Nilimketisha kwenye mkeka uani, sanduku wazi mbele yake, nami nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Kila kitu akishike, akitaje, akiweke kwa mkono wake.

"Kanga. Kanga nyingine. Hii nini, mbona inanuka mafuta ya taa?"

"Taulo. Ililala karibu na jiko."

"Msomi gani anaanika taulo jikoni?"

Pindoni mwa kanga aliyovaa alikuwa amefunga popoo na kisu kidogo cha kuikatia. Nikamweleza kuwa uwanjani kisu hakipitishwi kikiwa mwilini, kiende sandukuni.

"Na nikitamani popoo huko angani?"

"Utatafuna kwa meno."

"Meno yapi?" Akakitia ndani ya soksi, akaisukumiza kwenye kona.

Kabla hatujafunika, akaingia jirani yetu, mama muuza maandazi, na kifurushi cha kitambaa kilichoshonwa pande zote. Mwanawe alikuwa akisoma huko huko Bombay.

"Nifikishie kwa mwanangu. Ubuyu tu."

"Fumua, mama," nikamwambia.

"Nifumue? Siku zote tunapeana mizigo, leo nimekuwa mwizi?" Akamgeukia shangazi. "Huyu tumemlea sote. Ulaya imetubadilishia."

"Haijambadilisha, alikuwa hivi hivi tangu mdogo. Fumua, mwenzangu. Nikiulizwa nimebeba nini nitajibu nini, kitambaa?"

Jirani akafumua kwa meno, amenuna. Ulikuwa ubuyu kweli. Shangazi akaupitishia vidole hadi chini, akaonja punje moja, akaufunga upya.

Siku ya safari, wasindikizaji tulizuiwa nyuma ya kamba. Nilijisogeza nilipoweza kusikia. Askari wa kike alimshika shangazi mkono, akamfikisha mezani.

"Bibi, mzigo huu nani kafunga?"

"Mimi mwenyewe."

"Na macho haya?"

"Kwani vitu vinafungwa kwa macho, mwanangu? Uliza nikwambie."

Askari akagusa kona ya sanduku, akamwongoza mkono hapo. Shangazi akasema ni soksi, ndani yake kisu cha popoo, na kando yake ubuyu wa watu, usiliwe. Askari akaitoa soksi, akaibinya, akairudisha. Akachora alama ya chaki juu ya kifuniko.

Kisha wakampeleka nyuma ya pazia kumkagua mwilini. Alipotokea upande wa pili alikuwa anajitanda kanga upya. Hakugeuka kutupungia, maana asingetuona.

"Ndiyo amepita?" jirani akaniuliza.

"Amepita. Niliyemwandaa mimi harudishwi."