Mgeni wa Mkono wa Kushoto

Mgeni alipokea kahawa ya bibi yangu kwa mkono wa kushoto, na pale pale nikajua kazi nimeikosa.

Ukitaka kukosana na Bibi Adija, mtukane, atakusamehe. Mwibie kuku, atakusamehe. Lakini upokee kikombe chake kwa kushoto? Hapa Bagamoyo? Barazani kwake?

Yule mtu hakuwa na habari. Aliingia bila kutarajiwa, amevaa koti zito la kaki kwenye joto la saa saba mchana, mkono wa kulia kauzamisha mfukoni.

"Hodi hapa. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Namtafuta kijana aliyesomea mitambo. Karani wa posta kaniambia yuko nyumba hii."

Nikainuka.

Ilikuwa mwaka 1953. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha ufundi na cheti changu, na mwezi wa nane sasa nilikuwa nakaa bure. Kila wiki nilipeleka posta barua ya kuomba kazi. Yule karani alinichoka mpaka akawa ananiita "mwenye shamba la bahasha".

Jibu nililipata moja tu, kutoka ofisi ya serikali Dar es Salaam. Walisema wangenichukua kwenye karakana yao, ila nilete barua ya sifa ya mwajiri, yenye sahihi na muhuri, kuonyesha nimefanya kazi miezi sita.

Sasa nani atakupa kazi ya kwanza, kama kila mtu anataka uwe umeshafanya kazi kwa mwingine?

Kwa hiyo mgeni huyu kwangu alikuwa mlango.

Alijitaja kuwa Majaliwa, mwandikishaji wa watu wa shamba moja la mkonge mbele ya Vigwaza. Manamba, vibarua wa mkataba, alishawapata, sasa alitaka fundi wa injini.

"Injini ikitoa moshi mweusi utafanya nini?" akaniuliza.

Nikamjibu.

"Na kabla ya kuiwasha?"

"Nitaangalia mafuta, maji, na mkanda."

"Halafu?"

"Basi."

"Basi?" Akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama mtoto akicheza karibu na kisima.

Bibi akatoa sinia la wali na samaki. Mgeni akasema ameshiba. Bibi akamkaribisha tena. Akasema ana haraka.

Hapo Bibi akanivuta uani. "Kahawa yangu kaipokea kwa mkono wa kuchambia, na chakula changu kakikataa. Huo mkono wa kulia kauweka akiba ya Idi? Dadi, usiende na mtu asiyekula na watu."

"Bibi, ni barua ya sifa. Miezi sita tu."

Akaniachia mkono. Alijua nilivyokuwa nikikaa kibarazani kila jioni natazama njia ya posta.

Nilipotia sahihi mkataba, Majaliwa akaniinamia. "Niahidi kitu kimoja. Kila mara kabla hujawasha, zunguka nyumba yote ya mashine kwa miguu yako. Waite watu wako kwa majina, mmoja mmoja. Mpaka wote waitike. Akikuhimiza yeyote, usiwashe."

"Naahidi."

"Sema wallahi."

Nikashtuka. Kiapo si maneno ya kurushiana kama salamu. Lakini nilitaka kazi.

"Wallahi."

Shambani ndipo nilipojua upweke una harufu. Unanuka maji ya mkonge yaliyochacha.

Manamba walikula kwa makabila yao, na lugha zao sikuzijua. Makarani walikula na makarani wenzao, na kwao mimi nilikuwa mtu wa mikono michafu. Nikabaki katikati, kibanda changu nyuma ya injini. Nilipika wali wangu, nikala, nikaosha sufuria moja na sahani moja.

Zipo siku sauti yangu niliisikia asubuhi tu, nikiita majina.

Na hata majina yenyewe nilianza kwa shida. Siku ya kwanza nilimwomba nyapara, mzee Bwanausi, anipe orodha. Akanipa nambari za vipande vyao, zile kadi za kazi.

"Majina, mzee."

"Ya nini? Hapa mia na nne anaitwa mia na nne, na anaitika."

Basi nikawauliza wenyewe. Watu ishirini na wawili. Walinicheka, wakadhani kijana wa pwani kaja na uganga wake. Lakini wakataja.

"Hija!"

"Naam!"

"Seleman!"

"Nipo!"

"Mrisho!"

"Mrisho kafa!"

"Utakufa baadaye. Sasa itika."

Kicheko. Ndicho kilichokuwa kifungua kinywa changu.

Mwezi wa pili, tukiwa tunanoa visu, Hija aliyekuwa akilisha majani kwenye mashine ya kuchuna mkonge akaniuliza, "Fundi, wewe si umeletwa na Majaliwa? Alikuonyesha mkono wake wa kulia?"

"Hapana. Ulikuwa mfukoni muda wote."

Hakucheka mtu.

Hija akaelekeza kisu kwenye meno ya mashine. "Vidole vyake vilibaki pale."

Nikaacha kunoa.

Majaliwa ndiye aliyekuwa fundi kabla yangu. Siku moja majani yalikwama, akaingiza mkono kuyatoa. Mwenzake upande wa pili hakumwona, akawasha injini. Alipotoka hospitali, bwana mkubwa wa shamba akamwambia fundi asiye na mkono hana faida. Akitaka kula, azunguke pwani amletee fundi mwingine.

Na nani angekubali kuandikishwa na mkono ule?

Ndiyo maana akauficha.

Nilikasirika, ndugu zangu, siwafichi. Nilimwona tapeli. Kanipeleka mdomoni mwa mnyama aliyemng'ata yeye, kisha akaniapisha juu yake!

Kesho yake nikaenda moja kwa moja kwenye hendeli ya kuwashia injini. Sikuzunguka. Sikuita mtu.

Nikashika hendeli, nikaona kimya. Nikageuka. Watu wote ishirini na wawili wamesimama mbali na mashine, wananitazama.

"Mbona hutuiti?" akasema Mrisho. Huyo huyo wa kila siku kufa.

Pale shambani hakuna mwingine aliyekuwa akiwaita kwa majina.

Nikaiacha hendeli. Nikazunguka.

Miezi ikaenda. Zikabaki siku tatu miezi sita itimie. Karani akaniita dirishani, akanionyesha barua yangu ya sifa, imeshapigwa chapa. Jina langu kamili, Mikidadi. "Fundi mwangalifu na mtiifu." Muhuri upo. Sahihi tu ndiyo iliyokuwa bado.

Niliisoma mara tatu nimesimama juani.

Siku ya mwisho, mvua ikatuchelewesha. Ilipokatika, bwana mkubwa akaja mwenyewe na mgeni wake, mnunuzi wa katani, anataka aione mashine ikifanya kazi. Ile barua alikuwa nayo mfuko wa shati. Niliiona ncha yake.

"Washa!"

"Ndiyo, bwana. Nizunguke kwanza, niwaite watu."

"Mgeni ana haraka. Washa sasa hivi."

Mzee Bwanausi akanisogelea, akaninong'oneza kwa huruma ya kweli. "Dadi, mwanangu, watu si hao unawaona? Wote wapo. Washa, chukua karatasi yako, nenda kwenu."

Na kweli nilikuwa nawaona. Karibu wote. Nusu ya dakika tu, kuzungusha hendeli, na karakana ya serikali ni yangu. Na Bibi angepumzika kuuza vitumbua.

Lakini nilikuwa nimesema wallahi.

Nikazunguka.

"Hija!" "Naam!" "Seleman!" "Nipo!" Nyuma ya injini, chini ya mkanda, upande wa visu. Nilisikia bwana mkubwa akifoka. Sikuacha. "Mrisho!"

"Nipo, fundi." Siku hiyo hakutania.

Ishirini na wawili. Wote wakaitika.

Sasa mnangoja niwaambie nilimkuta mtu chini ya mkanda. Sikumkuta. Hakukuwa na mtu yeyote. Hata nisingezunguka, siku ile asingeumia mtu.

Nikawasha. Ikawaka vizuri kabisa.

Bwana mkubwa akaitoa barua, akaipasua mara mbili, akaitupa kwenye maji machafu ya mkonge. Jioni ile nikaondoka na sanduku langu.

Bibi aliponiona mlangoni hakuuliza karatasi. Aliuliza kama nimekula.

Wiki mbili baadaye, mchana, tunasikia: "Hodi hapa. Shikamoo, mama."

Koti lile lile la kaki.

Bibi akaitikia kwa midomo tu. Mimi sikusimama. Majaliwa akakaa ukingoni mwa mkeka.

"Nimetumwa nitafute fundi mwingine," akasema. "Wamenieleza habari zako. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja tu. Ulizunguka?"

"Nilizunguka."

"Siku zote?"

"Siku moja nilikaribia kuacha. Kesho ya siku niliyojua umenidanganya."

Akainamisha kichwa. Kisha, taratibu, akautoa mkono mfukoni.

Vilibaki vidole viwili.

Bibi akautazama. Akautazama tena. Akainuka, akarudi na sinia la wali, birika na bakuli la kunawia. Akapiga magoti mbele yake, akamimina maji juu ya vile vidole viwili, pole pole, kama anamnawisha mtoto.

"Kula, mwanangu," akasema. "Nilikusema vibaya kwa sababu ya mkono wako wa kushoto. Nisamehe."

Tukala sinia moja, watu watatu. Wali ukimponyoka, sote tulitazama samaki.

Alipoaga nikamuuliza, "Fundi utampataje, wakiuona?"

"Sijui. Lakini safari hii nitapiga hodi mkono ukiwa nje."

Ndugu yangu unayetafuta kazi, anayekuja kukuandikisha akificha mkono, mwambie autoe kabla hujatia sahihi. Nawe unayeandikisha watu, toa mkono mwenyewe, usingoje kuambiwa. Lakini ukidanganywa, usiitupe ahadi ya kweli kwa sababu aliyekuapisha alikuficha jambo. Kiapo kilikuwa changu, si chake.

Karakana ya serikali sikuipata. Sasa naangalia pampu ndogo ya mashamba ya chumvi karibu na Mlingotini. Niko peke yangu tangu asubuhi mpaka jioni. Hakuna Hija, hakuna Mrisho wa kufa.

Hata hivyo, kila asubuhi kabla ya kushika hendeli, naizunguka pampu ile kwa miguu yangu.

"Mikidadi!" naita.

"Naam," naitika.

Ndipo nawasha.