Hodi ya Kutokea Ndani

Mpaka leo nikisikia ufunguo ukizungushwa mara mbili kitasani, naacha ninachofanya. Hapo hapo nauona mlango wetu wa Albert Park, ghorofa ya saba, rangi yake ya kijani imebanduka, na mimi mtoto wa miaka sita nimebaki ndani.

Mama alikuwa msusi, na shule zikifungwa hakuwa na wa kumwachia mtoto. Baba tulishamzika Bukavu kabla ya kukimbilia huku kwa Wazulu. "Nje iko watu hawatupendi," alikuwa akiniambia huku anapekua mkoba. "Wewe ni wangu mmoja tu." Kisha ananifungia na wali, maji na televisheni isiyotoa sauti. Nilichukia, jamani. Kufika mchana niliona kama kuta zimesogea.

Mlango wa pili aliishi Mkulu, ndivyo Wazulu wanavyomwita babu. Alipigana vile vita vya pili vya dunia, akarudi na Kiswahili cha Mombasa chenye adabu nyingi, mpaka Mama alikuwa anacheka kwa siri. Siku moja nilichoka kufungiwa, nikagonga kutoka ndani, nikaita, "Hodi!" Nani anapiga hodi ili atoke? Lakini nikasikia kiti kinaburuzwa. "Karibu, mjukuu wangu. Mimi nipo hapa."

Ukawa mchezo wetu. Nilimvizia kwa sikio ukutani, nikagonga akila, nikagonga akisikiliza mpira redioni. Alikuja hivyo hivyo na sahani mkononi, namsikia anatafuna. Nilidhani mzee wa watu hana kazi.

Kisha likaungua jiko la mafuta ya taa kwa jirani wa chini. Moshi ukaanza kupenya chini ya mlango. Nikasikia viatu vikishuka ngazi, watu wakiitana, halafu kimya. Nikagonga kwa ngumi zote mbili.

"Karibu," alijibu Mkulu, anakohoa. "Lowesha taulo, ziba hapo chini. Siendi popote."

Kila nilipogonga alijibu. Mama alipofika mbio na ufunguo, alimkuta Mkulu ameketi sakafuni nje, ameuziba mwanya wa chini ya mlango wetu kwa mgongo wake.

Jioni, akinywa chai kwetu, alimweleza Mama. Vitani alikuwa mchochea makaa kwenye meli ndogo iliyozipelekea manowari maji na chakula. Nyambizi ikaipiga. Akaamriwa afunge mlango wa chuma wa chumba cha injini ili maji yasienee, akaufunga. Ndani alibaki rafiki yake wa Mombasa, aliyemfundisha Kiswahili.

"Aligonga," alisema. "Nilinyamaza. Ningemwambia nini? Na meli ikazama vilevile."

Mama akachongesha ufunguo wa pili, akampa. Mimi nilifurahi tu kwamba sasa nitatoka kucheza.

Nimeelewa juzi juzi, nikiwa sasa na mtoto wangu mwenyewe. Siku ile ya moshi Mkulu hakuwa na ufunguo, na alijua hawezi kunitoa. Alikuwa na jibu tu, lile alilomnyima mwenzake, akakaa nalo pale mlangoni mpaka nikafunguliwa.