Utosi wa Binti Yangu

Niliishia darasa la nne, maneno ya kuzungushazungusha sina. Wenye makosa nawataja.

Wa kwanza ni mama yangu mzazi, Mwiraqw wa Baray, mlokole. Hospitalini Karatu tuliambiwa binti yangu, miaka sita bila kusema, ana usonji. Mama alisikiliza kwa adabu, tulipotoka akasema, "Daktari amesoma, lakini hawajui Wamaasai wa mumeo. Si nilikukataza kuolewa na wachunga ng'ombe?" Akamfungisha mtoto kwa maombi, ati pepo wa kwao amtoke. Mtoto akapata njaa, pepo hakuonekana.

Wa pili ni mama mkwe, Mmaasai wa kule Malambo. Kwake kosa lilikuwa maharage. "Chakula cha wakulima kimempanda kichwani." Akamnywesha supu ya mizizi. Mtoto akatapika, bibi akashangilia: "Hayo! Maharage hayo!"

Wa tatu ni mume wangu. Hakufanya kitu. Ndiyo kesi yake hiyo.

Sasa, kwa Wamaasai mtoto humwinamia mkubwa, naye humgusa utosini. Ndiyo salamu. Binti yangu ukimgusa kichwa hulia kama amemwagiwa uji wa moto. Basi kila wakija wageni, mama mkwe alimtia kwenye nyumba ya bati na kupiga kufuli.

Ilipofika sherehe ya shemeji nikamwambia, "Mama, leo hafungiwi. Ukimfungia yeye, nifungie na mimi."

"Basi ainame," akajibu.

Nikampanga kwenye mstari wa watoto. Baba mkwe alikaa kwenye kigoda, akigusa utosi mmoja baada ya mwingine. Zamu yetu ikafika. Mkono wa mzee ukashuka. Binti akaukwepa, akanyoosha wake, akauweka juu ya kipara cha babu yake.

Wanawake wakaziba midomo. Mume wangu akakagua viatu vyake.

Mzee akatulia chini ya kile kiganja. "Tangu baba yangu afe, hapa sijaguswa," akasema. "Shikamoo, bibi." Watu wakaangua kicheko. Akamgeukia mkewe: "Sisi tumeshasalimiana. Usimfungie tena."

Siku hizi mama anatoa ushuhuda kanisani kwamba maombi yamejibiwa. Mama mkwe anawauzia majirani ile mizizi. Mume wangu husema, "Tulipambana sana."

Mtoto bado hasemi. Yuko uani, anapanga mawe mbele ya wageni. Lile kufuli nililitumbukiza chooni, na ufunguo wake.