Theluji ya Orrin Thrall

Kwa miaka thelathini na miwili, kazi ya Orrin Thrall msimu wa baridi ilikuwa kuingiza theluji darajani. Daraja la Hosmer, kule Vermont, ni la mbao, lina kuta na paa kama ghala, na baba yake ndiye aliyelijenga. Paa huzuia theluji, na magari ya kuteleza yanayokokotwa na farasi hayasogei juu ya mbao kavu. Basi kila jioni Orrin aliitandaza theluji sakafuni kwa beleshi, akaishindilia.

Wapo wasemao kwamba alimvizia Lyman Pike kwa nyuma. Si kweli. Ukoo wa Thrall haujazaa mviziaji.

Pike alikuwa mkata magogo. Shehena zake zilizidi kimo cha mlango wa daraja zikakwama, na halmashauri haikutaka kujenga la chuma maadamu la mbao lingali limesimama. Asubuhi moja ya Machi, Orrin alimkuta ndani akiwasha mafuta ya taa aliyoyamwaga sakafuni. Moto ulilamba theluji, ukayumba, ukazimwa na maji yake.

"Theluji yako hii, mzee, hata jehanamu ingeizima," Pike alisema.

"Toka kwenye daraja la baba yangu, Lyman."

"Baba yako alijenga banda la ng'ombe, likamponyoka likaangukia mtoni."

"Nimesema toka."

Pike akainua shoka, akaichanja nguzo kuu. Alipoliinua tena, Orrin alikwisha kuikumbatia nguzo. Shoka likaondoka na vidole vyake viwili.

Hapo ndipo Orrin alipomgeukia, uso kwa uso, akampiga beleshi la taya. Mfupa ulilia kama tawi kavu. Pike alianguka, naye akamkalia mgongoni, akamzamisha uso kwenye theluji mpaka akaacha kurusha miguu. Angeweza kummaliza. Badala yake alimwinua kwa ukosi, akamburuta hadi barabarani.

Siku ya nne Pike alirudi, taya limefungwa kitambaa, magogo yamepunguzwa kimo. Sakafu ilikuwa nyeupe. Orrin, mkono ndani ya bandeji, alisimama mlangoni na beleshi.

"Farasi watembee, wasikimbie," alisema.

Pike akavuta hatamu, akapita polepole.

Mwaka jana fundi wa ukarabati alitaka kuibadilisha nguzo ile yenye jeraha la shoka. Familia ya Thrall ilimwambia aiache, abadilishe paa.