Lipstiki isiyojaribiwa kwa wanyama

Leo nimeuliza swali zuri, ila nimechelewa kuliuliza.

Jioni nasimamia harusi ya binamu yangu, kwa hiyo nikapita duka la vipodozi la Mama Zuhura, hapa Mafiga. Mnanijua, sipaki kitu chenye mafuta ya mnyama.

"Shikamoo mama. Hii lipstiki ni ya mimea tupu?"

"Marahaba. Soma hapo ubavuni."

Kweli imeandikwa. Nikajipaka mbele ya kioo chake, rangi ikanikubali.

Ndipo nikakumbuka. "Na haijajaribiwa kwa wanyama?"

Akacheka taratibu. "Wanyama wa nini, mwanangu? Hiyo ni ya kujaribia. Wanaijaribu wateja, tangu Idi."

Nimenunua mpya.

Ila nyie wa Mafiga mliopita pale kabla yangu, salamu zenu zimenifikia mdomoni.