Nyumba ya Ziwani ya Bwana Deo

Harufu ya chokaa mbichi juu ya ukuta wenye unyevu ndiyo iliyonirudisha. Juzi nilipita kwa jirani aliyekuwa akiipaka nyumba yake ili kupokea wakwe, na nilipovuta pumzi mara moja nikajikuta nina miaka kumi, nimesimama ufukweni mwa ziwa, kandambili mkononi, namtazama baba yangu akimchungulia mama usoni ajue kama amefurahi. Msinicheke. Wenzangu huukumbuka utoto wao kwa harufu ya maandazi. Mimi huukumbuka kwa chokaa.

Wakati huo tulikaa Misungwi, katika nyumba ya kiwanda cha kuchambua pamba, ambako baba alikuwa mtunza ghala. Ilikuwa ile miaka ya kufunguliwa kwa kila kitu. Maduka yalijaa redio na sabuni za kila rangi, mitumba ilimwagwa chini kila siku ya gulio, na wakubwa walituambia kwamba soko sasa ni huria. Kwetu soko huria liliingia kwa mlango wa nyuma. Kiwanda kilipata wenyewe wapya, wenyewe wapya wakaja na watu wao, na baba akaambiwa kwamba yeye na wenzake wamepunguzwa. Neno hilo lilinishangaza, maana nilimtazama baba na kumwona yuleyule, hajapungua popote. Kilichopungua ni sauti. Mtu aliyezoea kutuita kutoka ng'ambo ya barabara tukasikia, akaanza kuomba chumvi kwa kunong'ona.

Nyumba ya kiwanda ilitakiwa irudishwe kabla ya mvua. Hatukuwa na pengine ila kiwanja cha Usagara, pale barabara zinapogawana. Mama alikipata kwa cherehani yake, shati kwa shati, sare kwa sare, huku watu wakimcheka kwamba amenunua vumbi. Kwa desturi ya siku zile kikaandikwa jina la baba. Msingi wa mawe ulikuwa umeshajengwa, kisha mambo yakakwama na majani yakaota katikati, yakafika kiunoni mwa mdogo wangu Masanja.

Basi siku moja, shule zimefungwa, baba alirudi kutoka Mwanza na sauti yake ya zamani.

"Tunakwenda likizo!" alisema kabla hata hajavua viatu.

Sisi tulijua likizo ni kwenda kwa bibi kuvuna mpunga na kurudi na mikono yenye malengelenge. Baba akaeleza kwamba hii ni likizo nyingine, ya kupanga nyumba kando ya ziwa, kula samaki na kupunga upepo wiki nzima, kama wafanyavyo wenye nazo. Alikutana mjini na bwana mmoja, Bwana Deo, mwenye nyumba ya kisasa kupita Igombe. Ina bafu, ina choo cha ndani, ina jenereta, na dirisha la chumbani ukilala tu unaliona ziwa. Masanja alitoka mbio kwenda kuwaringia watoto wote wa kiwandani. Mama alisimamisha cherehani, akauliza swali moja tu.

"Umeiona?"

"Nimeiona kwa nje," baba alijibu.

Mama akarudisha mguu kwenye pedeli.

Niwaambie pia kwamba mama alikuwa mtu wa Kagera, amezaliwa kijiji kinacholitazama ziwa hilohilo kutoka upande wa pili. Baba alikuwa Msukuma wa ng'ombe na pamba, na kwake ziwa ni kitu cha kuheshimiwa kutoka mbali. "Ziwa halina mgongo," mama alizoea kusema, "huwezi kuliegemea." Lakini safari hii hakusema. Alifunga masufuria, akakunja mashuka, akapanda kwenye pikapu ya rafiki yake baba kama mtu anayekwenda harusini. Tulipita Usagara bila kusimama, na nakumbuka baba hakugeuza shingo kabisa upande wa kiwanja chetu.

Nyumba, kwa mbele, ilikuwa nyeupe kama yai. Chokaa ilikuwa haijakauka sawasawa. Masanja aliegemea ukuta akaondoka na mgongo mweupe. Mlango ulikuwa wa buluu. Bwana Deo, mwenye miwani ya jua na viatu vilivyochongoka, alitupokea kwa mikono miwili, akamwita baba "mheshimiwa", akatukabidhi ufunguo na kuondoka kwa haraka akisema ana wageni wengine mjini.

Kisha tukazunguka nyuma. Kuta tatu zilizobaki hazikuwa zimepakwa chochote; zilikuwa tofali za udongo zilizoliwa na mvua. Ndani mlikuwa na harufu kali ya popo, na darini tuliwasikia wakisukumana kama watoto kwenye foleni ya uji. Jenereta lilikuwepo, ndiyo, lakini lilikuwa ganda tupu lisilo na mashine. Dirisha la chumbani lilifunguka likagonga jabali. Ukilala uliona jiwe. Ziwa ulilisikia tu likinong'ona upande wa pili wa jiwe hilo, na ukitaka kuliona ilibidi upande juu, ukawafukuze kwanza pimbi waliokuwa wakiota jua. Na bafuni, ndani ya bafu lenyewe, jeupe, la kisasa kweli, alikuwa ameketi kuku mwekundu juu ya mayai yake, akatutazama kwa jicho moja kama tumeingia bila hodi.

Nililia. Nilikuwa nimejiona ndani ya bafu hilo kwa majuma mazima.

"Kidogo itahitaji marekebisho," baba alisema. Sikujua kwa nini mpangaji wa wiki moja azungumzie marekebisho.

Jioni ile wadudu wa ziwani waliinuka majini kama moshi, wingu zima, wakaja na upepo hadi mezani petu. Hawaumi, lakini waliingia kwenye ugali, kwenye nywele, kwenye chai. Majirani walikuwa wameanika dagaa hadi mlangoni, na harufu yake ilipokutana na ile ya popo hata Masanja, ambaye hakuna kilichopata kumzuia kula, alisukuma sahani. Baba alikula akisifu upepo. Mama alikula polepole, akiondoa wadudu kwa ncha ya kidole, mtulivu kupita kiasi. Kesho yake paa lilipovuja kwa manyunyu ambayo kwetu yasingelowesha hata kanga, aliweka sufuria chini ya tone, akaweka lingine, na ningeweza kuapa kwamba alikuwa akiimba.

Siku ya tatu, jua likiwa juu, baba alimwomba mama wapande jabalini. Mimi nilikuwa chini tu na Masanja, tukiosha vyombo, nikasikia kila kitu.

"Mama Kabula," baba alisema. Kabula ndiyo mimi. Akakohoa. "Kuna neno nataka kukwambia, na nataka unisikilize mpaka mwisho."

"Nakusikiliza, Baba Kabula."

Baba akavuta pumzi. Na kabla hajaitoa, sauti ya mwanamke ikapasuka kutoka upande wa mlangoni.

"Nani huyo ameanika suruali kwenye mlango wangu?"

Tulikimbia wote. Mlangoni alisimama bibi mfupi, mnene, kanga mbili, kapu la machungwa kichwani, ameishika suruali ya baba kwa vidole viwili kama anayemshika panya mkia.

"Shikamoo mama," baba alisema.

"Marahaba. Ninyi ni watu wa nani?"

"Sisi ni wapangaji, mama."

"Wapangaji wa nani?"

"Wa Bwana Deo. Mwenye nyumba."

Bibi alitua kapu chini taratibu. "Deo? Deo huyu niliyemwachia kuku?"

Kumbe alikuwa Bibi Nyanjura, ambaye nyumba ile alijijengea mwenyewe kwa biashara ya samaki, ukuta mmoja kila alipopata. Alikuwa amekwenda Ukerewe kumhudumia binti yake aliyejifungua, akamwachia Deo, mtoto wa kaka yake, amtunzie kuku na kufagia uwanja. Kitu cha kwanza alichotaka kujua ni hali ya kuku. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, yuko bafuni, anaatamia," na uso wake ukalainika.

"Alipenda hapo tangu zamani," alisema. "Maji yenyewe hayajawahi kufika, nikaona bora lipate kazi."

Baba alikuwa bado amesimama palepale.

"Mama, samahani," alisema. "Unasema nyumba hii si ya Deo?"

"Mwanangu, Deo hana hata kamba ya kufungia mbuzi."

"Wala hana sehemu? Wala hakuachiwa?"

"Aachiwe na nani, nami niko hai nasimama mbele yako?"

Baba aliketi juu ya kizingiti. Aliweka mikono kichwani na mabega yakaanza kutikisika, na Masanja akanishika kwa nguvu kwa sababu tulidhani analia. Lakini alipoinua uso alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, halafu kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya barabara, machozi yakimtiririka, akipiga goti kwa kiganja, hata Bibi Nyanjura akaogopa akaagiza aletewe maji. Mama alisimama na sufuria mkononi akimtazama. Hakucheka. Alifumba macho tu, akashusha pumzi ndefu, nikaona mabega yake yakishuka pamoja nayo.

Baba alitaka tufungashe palepale. Bibi akakataa. "Mlichompa Deo, mimi na Deo tutajuana. Leo ninyi ni wageni wangu." Mchana ule tulikula sato wa ndizi, na machungwa ya Ukerewe mpaka vidole vikanata. Bwana Deo alikuja alasiri akipiga mluzi, akamwona shangazi yake kizingitini, akageuka kimyakimya.

"Deogratias!" bibi aliita.

Alirudi. Miwani aliivua mwenyewe. Siku zilizosalia alituchotea maji ziwani kwa ndoo, viatu vilivyochongoka vimewekwa kando, na kila aliponipita nilimwagiza ndoo nyingine ya kuogea. Nilioga likizo ile kama binti wa mfalme, nyuma ya nyumba, juu ya jiwe.

Tuliporudi, baba alimwomba rafiki yake asimamishe pikapu Usagara. Alishuka na viatu vyake vizuri, akaingia katikati ya msingi wetu, akaanza kung'oa majani kwa mikono. Mama akashuka akamsaidia. Sisi tukabaki garini tukilalamika njaa. Kabla ya mvua kushika tulikuwa tumehamia humo, chumba kimoja kikiwa na bati na vingine vikiwa na mbingu, na mwaka uliofuata mama akafungua kibanda cha kushonea mbele, magari yakisimama kutoka kila upande.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama kichekesho cha kuku bafuni. Baba alikuwa ameshatangulia mbele za haki mama aliponieleza kilichobaki. Tulikuwa barazani Usagara, yeye akipinda sketi za shule. Akasema kwamba likizo ile haikuwa likizo. Baba alikuwa amekwisha kukubaliana na Deo kwa mdomo wabadilishane: sisi tuchukue nyumba ya ziwani, Deo achukue kiwanja. Alitupeleka tukae kwanza, ili mama aipende, ndipo amwambie. Na mama alikuwa amelijua hilo tangu baba alipopita kiwanja bila kugeuza shingo.

"Ndiyo maana ulikuwa unaimba paa likivuja," nikasema. Nikacheka kwa raha, kwa jinsi nilivyomwona mjanja. "Ulikuwa unaiacha nyumba ijikatae yenyewe. Na angekuuliza pale jabalini ungemkatalia."

Mama alikata uzi kwa meno.

"Ningemkubalia," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Baba yako alikuwa amekataliwa na kiwanda, na kila ofisi aliyobisha hodi mwaka ule. Hapana ya kwangu ingekuwa ya mwisho, asingeinuka tena. Kiwanja ningeshona kingine. Niliimba kwa sababu nilikuwa namwomba Mungu baba yako asiniulize."

Akageuza sketi, akaanza upande wa pili. Nje lori lilikuwa linapunguza mwendo kwenye njia panda, na mteja alikuwa anauliza bei ya sare. Muda mfupi tu uliopita nilikuwa nimeamini kwamba siku ile mama alishusha pumzi kwa ajili ya kiwanja.